Barua kwa mwanangu: siku nne Bodi, mji wa iliki chini ya milima

Muheza

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata. Umeuliza ni mji gani mdogo, mtulivu, ulio chini ya milima huko Tamil Nadu, unaowafaa wasichana watatu kwa siku nne za likizo. Na umeuliza mbona kila unayemwambia hapo Chennai anakuelekeza Munnar.

Nenda Bodinayakanur, mama. Wenyewe hulikata jina, husema Bodi. Munnar ni mji wa watalii, uko juu upande wa Kerala, na wanaokwenda huko kutoka Madurai huipita Bodi dirishani bila kushuka. Ukiwa Munnar uko juu ya mlima tayari. Ukiwa Bodi mlima unauona mzima, umesimama magharibi ya mji kama ukuta, na unaona kila kinachoteremka kutoka huko: iliki, kahawa, chai. Chini yake kuna maembe na misufi. Wewe uliyezaliwa Muheza huhitaji kuelezwa mji unaoishi kwa kinachoshuka mlimani.

Kuufikia si kazi. Kuna treni ya usiku kutoka Chennai Central hadi Bodi yenyewe, siku tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, huondoka karibu saa nne na nusu usiku. Kwenye tiketi utaiona imeandikwa 22:30; usije ukachanganya na saa zetu. Inapita Madurai asubuhi, inafika Bodi kabla ya adhuhuri. Kurudi ni Jumanne, Alhamisi na Jumapili jioni. Kwa hiyo ukiondoka Ijumaa na kurudi Jumanne, siku zako nne zinakaa sawasawa. Hakikisha ratiba kabla ya kulipa, maana hubadilishwa. Reli hii ya kilomita 90 hivi kutoka Madurai ilifungwa mwishoni mwa 2010 ili njia nyembamba ipanuliwe, na treni hazikufika tena Bodi hadi Juni 2023. Ndiyo maana mtu akisoma maelezo ya zamani huambiwa Bodi haina treni.

Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na katikati ya Januari, wakati wa sikukuu ya Pongal, hujaa zote. Soma vizuri herufi zilizo kwenye tiketi. RAC maana yake unapanda, lakini kitanda mnakaa wawili mpaka nafasi ipatikane. WL ni orodha ya kungojea. Ikibaki WL mpaka orodha ya mwisho itoke, usipande, hata kama pesa imekatwa. Itarudishwa. Ukikosa treni hiyo, panda treni ya Pandian Express kutoka Egmore, kituo kingine cha Chennai, usiku, ushuke Madurai alfajiri, kisha ushike treni ya asubuhi ya kila siku ya Bodi, au uende kituo cha mabasi cha Arappalayam. Mabasi ya Theni na Bodi yanatoka hapo, si kituo kikubwa cha Mattuthavani ambako madereva wa bajaji hupenda kuwapeleka wageni. Vibao vingi ni vya Kitamil kitupu. Mwombe mwenzako wa darasani akuandikie jina la mji kwenye karatasi, ulilinganishe na kibao.

Sasa jambo linaloharibu safari za wageni wengi: malazi. Sheria ya India inamtaka mwenye nyumba ya wageni amsajili kila mgeni wa nje, kwa fomu wanayoiita Fomu C, ndani ya saa 24. Nyumba ndogo nyingi hazina utaratibu huo, kwa hiyo ukitokea mlangoni na pasipoti ya Tanzania watakwambia pamejaa huku funguo zinaning'inia ukutani. Mara nyingi si chuki, ni hofu ya polisi. Dawa yake ni kupiga simu kabla. Usiulize kama wana chumba. Uliza kama wanajaza Fomu C kwa wageni. Bodi ikishindikana, Theni iko kilomita 15 tu, ni kubwa zaidi na hoteli zake ni nyingi. Chukueni pasipoti, viza na karatasi zenu za usajili wa mwanafunzi mgeni, kila mmoja na nakala mbili, msimwachie mtu karatasi halisi usiku kucha.

Mjini hakuna kitu cha kulipia kiingilio. Kuna soko, misikiti na mahekalu, maghala, viwanda vidogo vya kuchambua iliki, na mashamba ya minazi na maembe yanayoanza pale nyumba zinapoishia. Kuwa na heshima kwa majina: mwanamke aliyekuzidi umri ni *akka*, dada mkubwa, mwanamume ni *anna*, kaka, mtu mzima wa makamo ya kunizaa mimi ni *amma* au *aiya*. Hilo ni kama kwetu, usimwite mtu mzima hivi hivi. *Evvalavu* ni kiasi gani. *Podhum* ni basi, inatosha, na utaihitaji sana mezani, maana chakula cha mchana cha jani la mgomba huongezwa mpaka ukatae. Wali huliwa kwa zamu: kwanza na mchuzi mzito wa dengu, sambar; kisha na rasam, ule mwepesi mkali wa ukwaju na pilipili manga; mwisho na mtindi. Kuchanganya vyote kwa pamoja ni kuharibu. Ukimaliza, likunje jani kuelekea kwako. Kulikunja kuelekea upande wa pili ni desturi ya msibani. Biriani ya halali haina tabu, kwa sababu bonde lile lina Waislamu wengi wa jamii ya Rowther; mchele wake ni mdogo mdogo, uitwao seeraga samba, usidhani wamekudanganya kwa chenga. Maji ya kunywa omba yaliyochemshwa, *sudu thanni*.

Iliki ndiyo inayonifanya nikutume Bodi badala ya mji mwingine wowote, basi nisikilize hapa taratibu.

Mashamba yenyewe yako juu, ng'ambo ya mpaka wa Kerala, kwenye milima inayoitwa kwa jina la iliki hasa. Mmea unataka kivuli cha msitu na ubaridi, kama ule wa Amani. Vikonyo vinavyozaa hutoka shinani na kutambaa karibu na ardhi, kwa hiyo mchumaji huchuchumaa siku nzima. Shamba hupitiwa kila baada ya mwezi hivi, kuanzia Agosti hadi Januari, kwa sababu punje haziivi pamoja. Huchumwa zikiwa zimekomaa lakini hazijaiva. Iliyoiva hupasuka ikikaushwa, iliyo changa hunyauka ikawa kama ganda tupu.

Kisha tazama wanavyokausha, maana hapo ndipo wanapotuacha sisi. Iliki yetu huanikwa juani, ikapauka ikawa rangi ya majani makavu. Wao huiosha, huitandaza kwenye vichanja ndani ya chumba kilichofungwa, na joto hupitishwa kwa chini, kama nyuzi 50 hivi, karibu siku nzima. Jua haliioni, ndiyo maana hubaki kijani. Joto likizidi, ganda hupasuka na harufu hupotea. Likipungua, iliki hutoa jasho, ikaota ukungu guniani. Kati ya kilo tano mbichi utapata kilo moja kavu, pengine zaidi kidogo. Inapotoka ikingali ya moto husuguliwa kwenye waya ili vikonyo na vimkia vikatike, hupepetwa, halafu hutelemshwa Bodi.

Bodi ndiko inakochambuliwa. Kwanza machujio: ya milimita 8 na zaidi huwekwa peke yake, ya 7 hadi 8 peke yake, na kuendelea kushuka. Halafu wanawake hukaa chini mbele ya ungo na kuondoa kwa vidole zilizopasuka, zilizokula wadudu, na zilizogeuka manjano. Mwombe *akka* mmoja kwa upole akuonyeshe, ukae mbele yake robo saa. Utaona mkono hauchagui kwa jicho peke yake. Punje nyepesi huijua kwa uzito kabla hajaitazama. Kubwa ya kijani kibichi inavutwa na soko la Ghuba, kwa kahawa ya Saudia na Omani. Ndogo na zilizopasuka hubaki kwa chai na kusagwa. Hakuna ya kutupwa.

Mnada wa iliki uko Bodi na Puttady upande wa Kerala, chini ya Spices Board, taasisi ya serikali ya India ya viungo. Usitegemee kelele za dalali. Wanunuzi hukaa mbele ya kompyuta, sampuli ya kila fungu ikizungushwa, wanaimimina kwenye kiganja, wananusa, wanabonyeza bei. Mgeni haingii bila idhini. Omba mlangoni, siku moja kabla, na ukikataliwa usisisitize, wale wako kazini.

Siku ya pili pandeni mlimani. Barabara ya Bodimettu ina kona kali 17 zilizohesabiwa kwa vibao, na kutoka bonde lililo kama mita 350 juu ya bahari unafika juu ya mita 1,400. Anayetapika garini akae mbele, asile mchuzi asubuhi, atafune tangawizi. Beba sweta, hata kama Bodi mnatoka mkivuja jasho. Usipande jipu za alfajiri zinazopeleka vibarua mashambani. Hujazwa kupita kiasi na hukimbizana ili ziwahi. Shika basi la Munnar. Mwendo wote ni kama kilomita 70, lakini shukeni Poopara tu, muone iliki ikiwa kwenye mti, mrudi kwa basi la mchana. Ukungu huteremka alasiri na kona zile hazitaki giza. Wakati wa mvua kuna ruba. Chovya soksi kwenye maji ya chumvi, na akiisha kung'ang'ania usimvute, mnyunyizie chumvi aachie mwenyewe.

Kurangani ni kijiji kilicho mwisho wa barabara nyingine, chini kabisa ya ukuta wa mlima. Zamani chai ya Munnar ilipita karibu na huko: treni ndogo iliileta hadi Top Station ukingoni mwa mlima, ikashushwa kwa kamba za waya hadi Kottagudi, na kutoka hapo kwa mikokoteni hadi Bodi. Mafuriko ya 1924 yaliifagia reli ile. Ile njia ya miguu ya kupanda ipo bado, na ndiyo ninayotaka uielewe vizuri. Tarehe 11 Machi 2018 moto wa msitu uliwakuta wapandaji pale juu, wakafa watu 23, wengi vijana. Nyasi za mteremko ule zikikauka, moto hupanda mbio kuliko mtu, na upepo wa mchana huusukuma kuelekea juu, kule kule mtu anakokimbilia. Kwa hiyo: Februari hadi Aprili msipande kabisa. Miezi mingine, ni kwa ruhusa ya idara ya misitu na kiongozi wa njia aliyesajiliwa nayo. Akitokea mtu kijijini akasema atawapitisha bila karatasi kwa pesa kidogo, mwambieni *vendam*, hatutaki, hata kama anawaita dada. Kutembea kijijini na kando ya mto kunatosha sana. Mabasi ni machache. Kabla hujashuka muulize kondakta la mwisho linarudi saa ngapi, akuonyeshe kwa vidole.

Wakati mzuri ni Desemba na Januari. Bodi iko nyuma ya mlima, mvua kubwa ya Juni hadi Septemba huishia upande wa Kerala na mjini hufika upepo tu. Mvua yao halisi ni ya Oktoba na Novemba, na hapo barabara ya kona huweza kufungwa kwa maporomoko. Aprili na Mei ni joto la kukata pumzi, ingawa ndipo sufi inapovunwa, na ukipita utaona pamba yake ikipeperuka njiani kama ya kwetu. Bodi wanajaza mito na magodoro kwayo mpaka leo. Kama una nafasi kwenye begi, mto mmoja wa sufi hauna uzito.

Na mimi niletee nusu kilo ya iliki, ya milimita 7 hadi 8. Kubwa zaidi unalipia sura. Kabla ya kuingia dukani tazama bei ya wastani ya mnada, Spices Board huitangaza kwenye tovuti yake, ujue pa kuanzia. Chukua punje tano kutoka katikati ya gunia, si juu. Zitikise sikioni: zikilia ovyo, mbegu zimekauka sana au ni chache. Pasua moja kwa ukucha; mbegu ziwe nyeusi, zinanata kidogo, na harufu ikupande puani kabla hujaileta karibu. Lowesha kitambaa cheupe usugue ganda. Kikiwa kijani, imepakwa rangi, toka. Ifungie kwenye mfuko wa plastiki mzito, ndani ya kitambaa cheusi, usiiweke karibu na sabuni zako.

Wasalimie wenzako, na uniambie tarehe mkishapata tiketi.

Mama yako