Kuacha shule binafsi kwa ajili ya ajira ya serikali

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama uache shule binafsi ya hapa Nyamagana, jijini Mwanza, upokee ajira ya serikali kisiwani Ukerewe, ingawa mshahara wa kuanzia ni mdogo kuliko unaoupata sasa. Mimi nakushauri uende. Nilifundisha shule binafsi kwa miaka minne, na kila Januari tulihesabu wanafunzi waliorudi kabla ya kuhesabu mishahara yetu, kwa kuwa ada ilipochelewa nasi tulicheleweshewa. Mwaka wa mwisho nilikwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nikakuta makato ya miezi saba, yaliyoonekana wazi kwenye hati yangu ya mshahara, mwajiri hajayawasilisha. Serikalini mwajiri huchangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 15 ya mshahara wako nawe asilimia 5, na shauri lako la nidhamu husikilizwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, haliamuliwi na mwenye shule jioni moja. Darasa litakuelemea, sikufichi: tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, madaftari ya mkondo mmoja hujaza meza nzima. Ulizia nyumba mapema, kwa sababu safari ya majini hadi Nansio, mji wa Ukerewe, ni ya saa kadhaa na huwezi kulala Mwanza ukafundisha huko.