Misuli Inauma Siku ya Kuruka kwa Parachuti: Niende au Niahirishe?

SWALI: Kwako mshauri, nakusalimu kutoka Nakuru. Mimi na mume wangu tumelipia kuruka kwa parachuti kule Diani Jumamosi moja ya mwezi ujao, kila mmoja wetu akiwa amefungwa pamoja na mkufunzi wake, na hii itakuwa mara yetu ya kwanza. Wasiwasi wangu ni kwamba ninafanya mazoezi katika jimu moja hapa mjini, na zamu yetu ya miguu huwa Alhamisi jioni. Mwezi uliopita nilipanda Menengai na kikundi chetu, tukashuka mbio hadi chini, na kwa siku tatu nzima nilikuwa nikishuka ngazi za nyumba kinyumenyume huku nimeshikilia ukuta. Mume wangu anasema maumivu ya misuli si ugonjwa, na kwamba huko angani mkufunzi ndiye anayefanya kazi yote. Je, nikiamka Jumamosi hiyo miguu ikiuma, niruke au niahirishe? Na nikimeza dawa ya kutuliza maumivu asubuhi, kuna ubaya? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Dada msomaji, kinachofaa kuahirishwa ni hiyo zamu ya Alhamisi. Maumivu unayoyaeleza hayamshiki mtu akiwa jimu. Huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi kesho yake, yakapanda hadi kilele kati ya saa 24 na 72, kisha yakapungua yenyewe na kwisha katika muda wa wiki moja hivi. Kwa hesabu hiyo, mtu anayechuchumaa na vyuma mabegani Alhamisi jioni anakuwa amejipangia kilele cha maumivu siku ya Jumamosi, karibu na saa ileile atakayokuwa akivishwa mikanda ya parachuti.

Wengi katika majimu yetu bado huamini kwamba maumivu hayo huletwa na asidi ya laktiki iliyobaki mwilini, lakini asidi hiyo huwa imeondoka kwenye misuli muda mfupi baada ya mtu kupumzika, hata kabla maumivu yenyewe hayajaanza. Chanzo ni michubuko midogo sana katika nyuzi za misuli pamoja na uvimbe unaofuata mwili unapoirekebisha, na michubuko hiyo hutokea zaidi misuli inapofanya kazi ya kuzuia huku ikivutwa kurefuka. Ndiyo maana kupanda Menengai kulikutoa jasho na pumzi, ilhali kushuka ndiko kulikokuumiza: kwa kila hatua ya kuteremka, misuli ya mbele ya paja huwa inaushikilia uzito wote wa mwili usiporomoke. Jambo ambalo watu hawalizingatii vya kutosha ni kwamba misuli iliyo katika hali hiyo hupungukiwa na nguvu pia, na hata uwezo wa mtu kuhisi bila kutazama kiungo chake kiko wapi hupungua kwa muda. Hapo ndipo hoja ya mume wako inapopwaya.

Amesema kweli kwa sehemu kubwa. Mkufunzi ndiye anayebeba mwavuli mgongoni, ndiye anayeufungua, na ndiye anayeuongoza hadi uwanjani. Hata hivyo abiria naye ana kazi yake, ndogo lakini isiyo na mbadala. Mnapanda katika ndege ndogo mkiwa mmeketi sakafuni au kwenye benchi la chini, magoti yamekunjwa, hadi kimo cha futi 10,000 hivi au zaidi, na mapaja yaliyokaza hayapendi mkao huo hata kidogo. Mlangoni utaambiwa usukume nyonga mbele, uegemeze kichwa nyuma kwenye bega la mkufunzi, na ukunje miguu nyuma, ili miili yenu miwili ikae kama upinde na kuanguka kwa utulivu. Kuanguka huko huchukua kati ya nusu dakika na dakika moja, kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa, na hakuhitaji nguvu nyingi za miguu. Mwavuli unapofunguka, mwendo huo hupungua katika sekunde chache, na mikanda inayopita mapajani na mabegani hubana barabara. Kwenye paja lenye maumivu utasikia, lakini hilo ni la kuvumilika.

Penye uzito wa jambo ni kutua. Katika michezo ya parachuti majeraha mengi hutokea wakati wa kugusa ardhi, na yanayoumia zaidi ni vifundo vya miguu, miguu yenyewe na magoti. Kwa sababu hiyo mkufunzi, mkiwa bado juu mnaelea, atakuagiza ufanye jaribio la kuinua miguu yote miwili mbele yako, kisha karibu na ardhi atakuagiza tena, na safari hii utaishikilia hapo mpaka muwe mmesimama au mmeteleza kwa makalio mchangani. Ukiiachia ikaning'inia, miguu yako ndiyo itakayotangulia kugusa ardhi, mbele ya ile ya mkufunzi, huku uzito wa watu wawili ukija nyuma yake. Kazi hiyo ya kuinua hufanywa na misuli ya tumbo, ya nyonga na ya mbele ya paja, nayo ndiyo ileile inayochoshwa na zamu ya miguu na kwa mazoezi ya tumbo ambayo watu wengi huongezea mwishoni.

Kwa hiyo asubuhi ya siku hiyo usijiulize unaumwa kiasi gani. Keti sakafuni, egemeza mgongo ukutani, pitisha mikono chini ya mapaja karibu na magoti, kisha inua miguu yote miwili na uihesabie hadi kumi. Rudia mara mbili au tatu. Kisha lala kifudifudi, kunja magoti, na usukume nyonga chini kana kwamba uko mlangoni mwa ndege, halafu ushuke ngazi chache bila kushika chochote. Hiki si kipimo cha hospitali, ni njia ya kujua kama mwili utatii agizo likitolewa. Ikiwa unaweza yote hayo, hata kama unakunja uso kidogo, sioni sababu ya kukosa safari uliyoilipia na kuitamani. Ikiwa miguu inaanguka kabla ya kumi, au unalazimika kuinua mmoja baada ya mwingine, usiruke siku hiyo.

Katika hali zote mbili, mwambie mkufunzi kabla hajakuvisha mikanda. Tafadhali usilichukulie hili kuwa jambo la aibu. Wakufunzi hupokea kila siku watu wenye magoti mabovu, migongo ya kazi za ofisini na hofu ya kila aina, na akijua mapema anaweza kukufanyisha mazoezi ya kuinua miguu zaidi mkiwa chini, akakuonyesha jinsi ya kushika suruali karibu na magoti ili mikono isaidie kuinua, na akapanga kutua kwa kuteleza badala ya kusimama. Asiyeambiwa hawezi kupanga.

Kuhusu dawa, ningependa uelewe kwa nini ninasita. Dawa ya aina ya ibuprofeni haiharakishi kupona kwa misuli. Inapunguza tu taarifa unayoipata kutoka kwenye mwili, na taarifa hiyo ndiyo unayoihitaji katika kipimo nilichokueleza. Zaidi ya hayo, mtu aliyesafiri kutoka Nakuru hadi Pwani, akatokwa na jasho jingi kwa joto la huko asilolizoea na kunywa maji machache kwa kuogopa kutafuta choo njiani, huwa amepungukiwa na maji mwilini, na ibuprofeni katika hali hiyo huzielemea figo. Wenye vidonda vya tumbo, na baadhi ya wenye pumu, wanapaswa kuiepuka kabisa. Ukilazimika, parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ni afadhali, baada ya kufanya kipimo cha miguu, na mkufunzi akijua. Dawa zinazolegeza misuli na kuleta usingizi haziendi pamoja na parachuti, wala pombe ya usiku wa Ijumaa.

Kuna maumivu ambayo hayaingii katika mazungumzo haya. Ya kawaida huenea katika miguu yote miwili, ni butu, na huanza kesho yake. Yakianza ghafla ukiwa katikati ya zoezi, mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, upande mmoja, pakavimba au pakawa na weusi wa damu chini ya ngozi, huenda msuli umechanika, na hapo huruki mpaka umeonwa na daktari. Na ikiwa baada ya mazoezi mazito misuli imevimba na kuwa migumu, nguvu zimeisha, na mkojo umegeuka rangi na kuwa kama chai ya rangi, hiyo ni dharura. Misuli imevunjika kwa wingi na kumwaga protini yake katika damu, figo ziko hatarini, na mtu huyo aende hospitali saa hiyohiyo, si kesho.

Turudi kwenye mpango wako, kwa maana una bahati ya kuwa na muda. Misuli iliyowahi kupitia zoezi fulani haiumii sana kama mara ya kwanza inaporudia zoezi lilelile, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Nenda Menengai tena wiki mbili au tatu kabla ya safari, ushuke kwa kutembea, usikimbie. Fanya zamu ya mwisho ya miguu kabla ya Jumapili inayotangulia juma la safari, kisha juma hilo ubaki na matembezi na mazoezi mepesi ya mikono. Msijaribu chochote kipya siku hizo, hata kama mwalimu wa jimu ameleta zoezi zuri. Safari yenyewe nayo inakaza miguu: mkishatoka Nakuru kwa basi na kuketi tena katika treni ya Nairobi hadi Mombasa, simameni na kutembea ndani ya behewa kila baada ya muda, na mfike Diani Alhamisi au Ijumaa mapema. Acheni pia siku moja ya akiba baada ya Jumamosi, kwa kuwa upepo na mawingu huahirisha kuruka mara nyingi kuliko misuli, na ulizeni leo masharti ya kubadilisha tarehe, wakati bado hamna haraka.

Jambo la pembeni, lakini siwezi kulinyamazia: ukiamka na mafua na masikio yameziba, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kuahirisha kuliko mapaja kuuma, kwa kuwa mtashuka kutoka juu sana kwa muda mfupi na ngoma ya sikio inaweza kuumia.

SWALI: Mshauri, mimi nimeanza kozi ya kujifunza kuruka peke yangu, na nitaendelea nayo nikipata likizo. Huku Kisumu ninapiga pushapu kila jioni ili nipate nguvu za mikono, na mabega huniuma karibu kila asubuhi. Je, kanuni ni ileile? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Hapana, ndugu yangu, kwako kanuni ni kali zaidi, kwa sababu hakuna mtu mgongoni mwako atakayekamilisha usichokiweza. Ni lazima mkono wako ufike nyuma, chini ya mfuko wa mwavuli, ukashike mpini wa kufungulia bila kutafutatafuta. Ni lazima pia uweze kuvuta kwa nguvu vishikio vilivyo kifuani endapo mwavuli mkuu utakataa na ukahitaji ule wa akiba. Karibu na ardhi utavuta kamba zote mbili za kuongozea hadi chini, kwa usawa na kwa wakati mmoja, ili kuvunja mwendo. Bega moja likichelewa, mwavuli unageuka ukiwa karibu kabisa na ardhi, na hapo ndipo watu huvunjika miguu.

Jaribu miondoko hiyo mitatu ukiwa umesimama chumbani, kwanza polepole kisha kwa kasi. Ukikwama popote, usiruke siku hiyo. Na ikiwa bega lako limewahi kuteguka na kutoka mahali pake, hata kama ni miaka mingi iliyopita, mwone daktari wa mifupa kabla ya kurudi kwenye kozi na umweleze mwalimu wako, kwa sababu upepo wa kuanguka unaweza kuusukuma mkono nyuma na kulitoa bega tena ukiwa angani. Kwa sasa punguza pushapu ziwe siku tatu kwa juma, siku moja ya kupumzika kati ya kila mbili, na uziache kabisa siku nne au tano kabla ya kuruka.