Ushauri kwa mwanafizikia wa Malindi anayetaka kusikilizwa na serikali

Ukitaka fizikia yako ifike penye uamuzi, anza na hesabu moja ambayo mvuvi wa Mayungu anaweza kukubana kwayo kwa maswali. Hotuba ije baadaye.

Chukua mtambo wa nyuklia uliowahi kupendekezwa Uyombo, pwani ya kaunti ya Kilifi. Watu wameuliza sana kuhusu mionzi, na ni haki yao, lakini maji ya kupoozea nayo yanataka jibu. Mtambo wa megawati 1,000 za umeme hugeuza takriban theluthi moja tu ya joto lake kuwa umeme. Megawati 2,000 hivi zinabaki, na ukipoozwa kwa maji ya bahari yanayopita mara moja, zote huishia baharini. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari hupanda nyuzijoto 1 kwa jouli milioni 4 hivi. Kwa hiyo ukipitisha mita 50 za ujazo kila sekunde, maji hutoka yamezidi kwa nyuzijoto 10. Ukipitisha 100, kwa 5. Yakishatoka huchanganyika na bahari, ila matumbawe hupauka hata yakizidishiwa nyuzijoto 1 juu ya kilele chake cha kawaida kwa wiki kadhaa. Ndipo maswali ya maana yanapozaliwa: bomba litokee wapi, kina gani, na mkondo unaelekea wapi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi? Hesabu hii haiamui mtambo ujengwe au usijengwe. Usiilazimishe.

Memoranda yako, yaani maoni ya maandishi unayoipelekea kamati ya Bunge au ya kaunti kuhusu mswada, isizidi kurasa mbili. Aya ya kwanza itaje kifungu unachotaka kibadilishwe na maneno unayopendekeza. Hesabu iende kwenye kiambatisho. Katiba, ibara ya 118 na 196, inalitaka Bunge na mabunge ya kaunti yashirikishe umma, lakini tangazo huwa na siku ya mwisho, na karatasi iliyochelewa haimsaidii mtu. Ukinyimwa takwimu, andika barua ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu.

Kabla ya kutia kipimajoto majini, pata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Bila hicho, data nzuri hukataliwa kwa kosa la makaratasi. Na usitegemee memoranda zikupandishe cheo chuoni: vipimo vilevile viandikie makala ya jarida. Saini kwa jina lako, si la chuo, isipokuwa umeruhusiwa kwa maandishi, na utaje aliyekufadhili.

Makosa yanayoua ushahidi ni kuchanganya megawati na megawati-saa, kutoa namba bila kiasi cha shaka yake, na kupima Januari pekee kisha kuzungumzia mwaka mzima. Pima kaskazi na kusi zote mbili. Halafu wapelekee grafu watu wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) kwanza, kwa Kiswahili, kabla ya kamati kuiona. Wao ndio wanaojua maji yanapokwama bamvua likitoka.