Usifume Mlima, Fuma Rangi Zake

Najua mtacheka. Skafu ya sufu kwa joto hili la Dar? Lakini mama mkwe wangu yuko Njombe, na aliyewahi kushuka kwenye basi kule alfajiri ya Julai ananielewa.

Sebuleni nina picha ya milima ya Usambara niliyonunua Mwenge. Si Tingatinga, ule mtindo wa wanyama na ndege ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga hapahapa Dar mwaka 1968. Hii ni mandhari tu, milima imepangana mmoja nyuma ya mwingine. Nikasema nimfumie mama skafu ya picha hiyo.

Nikaanza kwa kukosea. Nilifuma mlima wenyewe, na kilele chake na wingu lake. Kitandani ulipendeza. Kuuvaa sasa! Kilele kikaishia kisogoni, wingu likazama kwenye mkunjo, na mdogo wangu akauliza kama ni ramani ya mkoa. Skafu huvaliwa imekunjwa, kwa hiyo umbo hupotea. Rangi ndizo zinazobaki.

Mara ya pili niliifinyia macho ile picha hadi miti ikatoweka, zikabaki tabaka. Mlima wa karibu kijani cha kisamvu, unaofuata kijani cha kuingia bluu, wa mbali kabisa rangi ya moshi. Kata kipande cha boksi, kizungushie nyuzi kwa kadiri ulivyoona: kijani mizunguko kumi, bluu sita, moshi mitatu. Kilaze mezani, ukitazame tena asubuhi. Mimi asubuhi ndipo nilipogundua uzi mwekundu niliouweka kwa ajili ya udongo wa pichani unameza kila kitu, nikaubakiza mstari mmoja.

Uzi nilinunua Kariakoo, na hapo kuwa macho. Muuzaji mmoja aliniapia ni sufu tupu, kumbe akriliki, yaani uzi wa plastiki. Omba kipande cha urefu wa kidole, kakichome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Kwa mtoto wa kuchafua kila siku akriliki inafaa sana, ila mimi nilishalipia sufu.

Kufua ni maji ya baridi, bila kusugua, na kuanika imelazwa juu ya taulo. Maji ya moto na kusuguliwa huifanya isinyae na kugandamana, wala hairudi. Nilimwandikia mama hayo kwenye karatasi nikaitia ndani ya kifurushi, maana Njombe nawajua, Julai kila maji lazima yapite jikoni.