Kisukari, Sinia na Funga: Majibu kwa Wasomaji

Mama ana miaka 61, anatumia vidonge vya kisukari, metformini na glibenklamidi, na amekusudia kufunga Ramadhani. Tumruhusu?

Mpelekeni kituo cha afya wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. Msingoje chungu cha kwanza, yaani siku ya kwanza ya funga. Ya kuangaliwa zaidi hapo ni glibenklamidi, kwa kuwa huusukuma mwili kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu, na kwetu pwani funga huchukua zaidi ya saa 13. Mtoa huduma anaweza kuipunguza au kuibadilisha, na dozi kubwa ikahamishiwa wakati wa kufuturu. Aendelee kujipima mchana, maana tone la damu la kidoleni halibatilishi funga. Sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikipita 16.7, afungue papo hapo, hata kama imebaki nusu saa tu kufika magharibi. Daku aile karibu na alfajiri, na futari yake isikusanye muhogo, viazi vitamu na tambi kwa pamoja. Akishauriwa asifunge kabisa, labda kwa sababu ya figo au sukari iliyoshuka vibaya siku za karibuni, mkumbusheni kwa upole kwamba ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, aya ya 184. Kwa mzee, neno hilo huuma kuliko sindano, hivyo ni vyema alisikie pia kwa imamu anayemwamini.

Nyumbani tunakula sinia moja. Nitapimaje chakula changu?

Sioni sababu ya kukutenga na jamaa zako kwa ajili ya sahani. Adabu ya sinia ni kula kilicho mbele yako, basi anayepakua aweke upande wako wali usiozidi ngumi yako, na mchicha, kunde na samaki kwa wingi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayepika aende nawe kliniki, kwa kuwa ushauri anaopewa mgonjwa peke yake mara nyingi hauingii jikoni. Nao wauguzi, kabla ya kukataza chochote, waulize kwanza jana mlikula nini.

Dona huponya kisukari?

Haiponyi. Ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini bado ni wanga, na kiasi cha kula ni kilekile.

Nakunywa maji ya majani ya mlonge. Nimwambie daktari?

Mwambie, tena umpelekee majani yenyewe. Dawa ya miti ikichanganywa na vidonge huweza kushusha sukari kupita kiasi, na asiyejua unachokunywa hawezi kupanga dozi yako sawasawa. Vidonge na insulini usiviache.

Sina friji. Insulini niiweke wapi?

Tia chupa katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha uiweke ndani ya chungu kidogo cha udongo kilichotumbukizwa katika kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini. Andika tarehe ya kuifungua. Nyingi hutumika siku 28 tangu kufunguliwa.