Revolva ndogo kwa anayeanza: maswali ya wasomaji wa Tanga

Maswali ya safari hii yametoka kwa wenye maduka, wenye mashamba na dada mmoja mwenye famasi, kuanzia Ngamiani hadi Muheza. Wengi wanauliza kama revolva fupi ya risasi tano (bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye matundu ya silinda inayozunguka) inamfaa mtu ambaye hajawahi kumiliki bastola. Inamfaa, ila si ile nyepesi kuliko zote ambayo wengi wao wameitaja.

Nina duka la vifaa vya ujenzi, nafunga saa mbili usiku. Nimeshauriwa nitafute revolva nyepesi kuliko zote, eti ukiivaa husikii kitu. Mnasemaje? – Kaka wa Ngamiani

Kaka, wepesi huo utaufurahia kiunoni na kuujutia mkononi. Smith & Wesson 642, yenye bodi ya aluminiamu, ina gramu 420 hivi bila risasi. Ruger LCR ya .38 (namba hiyo ni saizi ya risasi) ina 380 hivi. Sasa tazama triga: kwenye revolva za aina hii, kuivuta mpaka nyundo inayogonga risasi ianguke kunahitaji nguvu ya kilo 5 na ushee. Kidole kinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa silaha yenyewe zaidi ya mara kumi, na mkono usioshika barabara utayumba kabla risasi haijatoka. Watu wanausingizia mtutu mfupi. Mtutu wa sentimita 5 unapiga sawasawa kabisa ukiwa umetulia. Tatizo ni kwamba vilengeo viwili vimekaribiana, kwa hiyo kosa dogo la jicho linakuwa kubwa kwenye shabaha.

Halafu kuna teke, yaani silaha kurudi nyuma inapofyatuliwa. Silaha ya gramu 400 humwaga teke lote kiganjani, na baada ya raundi chache anayeanza huanza kufumba macho na kukaza bega kabla ya kufyatua. Tabia hiyo ikishaingia, kuitoa ni kazi kubwa.

Chukua ya chuma kitupu, kati ya gramu 550 na 750. Chiefs Special, ambayo Smith & Wesson waliitoa mwaka 1950 na baadaye wakaiita Model 36, ina gramu 550 hivi. Ruger SP101 ya mtutu mfupi inapita 700. Mkanda mgumu wa ngozi unabeba uzito huo siku nzima. Wanaolalamika mara nyingi wamevaa mkanda laini unaopinda.

Kabla ya kutoa hela, naanzia wapi? – Msomaji wa Makorora

Kituo cha polisi cha wilaya yako, si dukani. Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Polisi watakupa hatua na fomu. Usiweke hata arubuni kabla kibali hakijatoka. Leseni inakufunga wewe na silaha yenye namba ile. Huruhusiwi kumwazima mdogo wako, hata kwa usiku mmoja.

Mikono yangu ni midogo na triga siifikishi mwisho. Fundi anasema atalegeza springi. Au nichukue ya .22? – Dada mwenye famasi, Chumbageni

Dada, fundi asiguse springi ya nyundo. Springi ile ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kupasua fataki, ile inayowasha baruti, iliyo kwenye kitako cha risasi. Ikilegea, bastola italia vizuri kwa risasi za aina moja na kugoma kwa aina nyingine yenye fataki ngumu, na hutajua mpaka siku unayoihitaji. Bastola ikigoma, kagua fataki: kidoti kilichobonyea kidogo tu maana yake pigo lilikuwa dhaifu.

Ya .22 haikutatulii hilo. Risasi yake hupigwa ukingoni na huhitaji pigo kali, kwa hiyo triga ya revolva ndogo ya .22 mara nyingi ni ngumu kuliko ya .38, na risasi zenyewe hugoma zaidi. Teke ni dogo, hilo kweli, na kwa mazoezi ya uwanjani ni nzuri sana.

Anza na mpini. Mpini mnene unakirudisha kidole nyuma. Uliza kama upo mwembamba zaidi wa modeli hiyo. Kisha badili mahali pa kidole: triga ngumu ivutwe kwa kiungo cha kwanza, pale penye mkunjo, si kwa ncha. Shika juu kabisa ya mpini, uvute kwa mwendo mmoja usiokatika. Usitegemee kukoki nyundo, yaani kuivuta nyuma kwa dole gumba mpaka ikae, ili triga iwe nyepesi. Ikishakokiwa, inahitaji nguvu ndogo sana, na mkono unaotetemeka kwa hofu utafyatua bila kukusudia.

Mazoezi ya nyumbani ni haya. Toa risasi zote na uzipeleke chumba kingine. Fungua silinda, upitishe kidole kwenye kila tundu. Weka risasi bandia za mazoezi, elekeza kwenye ukuta mnene ambao nyuma yake hakuna mtu, kisha weka sarafu ya shilingi 50 juu ya bodi, karibu na kilengeo cha mbele. Vuta triga mpaka mwisho. Sarafu ikianguka, umeyumba. Mara ishirini kwa jioni zinatosha. Kidole kikichoka unajifunza makosa.

Marehemu baba ameacha revolva ya Kiingereza iliyoandikwa .38. Risasi za .38 za kawaida zitafaa? – Mzee wa Pangani

Shikamoo mzee. Kwanza, silaha hairithiwi kama nyumba. Leseni ilikuwa ya marehemu. Usiipakie, usitembee nayo mjini. Toa taarifa polisi wakuelekeze namna ya kuikabidhi, na kama unataka kuimiliki, uombe leseni yako mwenyewe.

Kuhusu risasi, hapana. Revolva nyingi za Kiingereza za zamani, Webley na Enfield za .38, zilitengenezwa kwa risasi fupi yenye ganda nene kidogo, iitwayo .38 S&W. Risasi ya kawaida ya leo ni .38 Special: ganda lake ni refu na jembamba zaidi, na msukumo wake ni mkubwa. Kwa kawaida haiingii mpaka mwisho. Tatizo ni kwamba baadhi ya revolva hizo zilichongwa matundu baadaye ili iingie, na hapo ganda hupasuka kwa kuwa tundu ni pana mno. Kuingia kwa risasi si ushahidi kwamba ni yake.

Kwa wanaonunua za leo: .38 Special inaingia na kufyatuliwa kwenye revolva ya .357 Magnum, kwa sababu ganda la Magnum limerefushwa kwa milimita 3 na zaidi. Kinyume chake hakifai. Revolva ya chuma ya .357 ukiilisha .38 ni mwanzo mzuri. Risasi za .357 zenyewe kwenye mtutu mfupi zina mwako na kishindo ambacho anayeanza hana haja nacho.

Nimepata muuzaji mwenye leseni anayeuza iliyotumika. Nikague nini? – Kaka wa Muheza

Omba ruhusa, hakikisha ni tupu, kisha fuata mpangilio huu. Funga silinda, uitikise mbele na nyuma. Mchezo mdogo unaoonekana kwa shida ni kawaida. Ikigonga kwa sauti, achana nayo. Iinue kwenye mwanga utazame upenyo kati ya silinda na mtutu: kati ya milimita 0.1 na 0.2 ni afya. Upenyo ukizidi, unamwaga gesi ya moto na vipande vya risasi pembeni. (Hata kwenye revolva nzima, dole gumba lisikae mbele ya silinda kamwe. Gesi ile inakata ngozi.)

Sasa koki nyundo polepole sana, na uguse silinda kwa kidole chepesi iburutwe kidogo. Lazima ijifunge mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho, au vinapofika pamoja. Rudia kwa kila tundu, yote matano. Moja linaweza kuwa bovu peke yake. Nyundo ikiwa imekokiwa na mtutu umeelekea pasipo na mtu, isukume kwa dole gumba kutoka nyuma bila kugusa triga. Ikianguka, usinunue.

Mwisho zungusha fimbo ya kusukumia maganda. Ikiwa imelegea, silinda itakwama kufunguka siku moja. Chini ya nyota inayotoa maganda huganda chembe za baruti zisizoungua, na chembe moja inatosha kuizuia silinda kufunga. Wauzaji wengi hawapasafishi hapo; lete mswaki mkavu.

Mkononi risasi ikigoma, nifanye nini? – Msomaji wa Mabawa

Ukiwa uwanja wa shabaha: mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo ufungue. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Ikilia kwa sauti hafifu isiyo ya kawaida, simama kabisa. Risasi huenda imebaki ndani ya mtutu, na ya pili itaupasua.

Tunaishi jirani na bahari. Itadumu? Na nyumbani kuna watoto. – Mama wa Raskazone

Itadumu mama, ukichagua ya stenlesi na kuitunza kama si ya stenlesi, maana nayo inashika kutu. Hewa ya chumvi na jasho ndio adui. Ukiivua jioni, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha: nje, mbele ya silinda, na chini ya mpini mahali jasho linapoingia. Usimimine mafuta ndani ya matundu yenye risasi. Yanapenya kwenye fataki na kuiua. Kila baada ya shabaha pitisha brashi kwenye mtutu na kila tundu, kisha kitambaa mpaka kitoke safi.

Usiihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi. Ngozi inanyonya unyevu, hasa masika, na ndani ya wiki chache utaona madoa ya kahawia pale inapogusana na chuma. Iweke kwenye sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, uvibadilishe vikishalowa. Kwa ajili ya watoto, pitisha kufuli ya waya kwenye mtutu silinda ikiwa wazi, risasi zikae kwenye sefu nyingine, na ufunguo ukae mwilini mwako, si juu ya kabati.