Mgomo, vurugu au uasi? Swali la mwalimu wa historia

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Nawaandalia wanafunzi wangu kijitabu kuhusu wafanyakazi walioandamana katika nchi za kikomunisti (Berlin 1953, kisha Poznań 1956 na Gdańsk 1980 nchini Poland) na jinsi magazeti na serikali za nje zilivyoyapokea mambo hayo. Mwenzangu aliyeupitia mswada amefuta neno "mgomo" karibu kila mahali akaweka "vurugu", na penye "uasi" akaandika "mapinduzi". Nami sina hakika na vitenzi vya kidiplomasia. Je, serikali ililaani, ilishutumu, ilikemea au ililaumu? Naomba ufafanuzi; mswada wenyewe nimeuambatanisha.

JAWABU: Mwalimu, ahsante kwa swali hili. Nimelisoma zaidi ya mara moja kwa sababu linagusa jambo ambalo sisi waandishi wa Kiswahili hulipita haraka mno. Katika matukio uliyoyataja, watu waliuawa, na baadaye serikali na magazeti wakagombania jina la kile kilichowaua. Ukibadilisha neno moja umebadilisha shahidi. Kwa hiyo nitaanza na mwenzako, kisha nije kwenye vitenzi.

Kugoma ni kusimama na kukataa kuendelea. Punda hugoma njiani, mtoto hugoma kula, hata injini tunasema imegoma. Ndani ya kitenzi hiki mna ukaidi na mna utulivu. Vurugu ni kinyume chake. Inatokana na kuvuruga, kama mtu avurugavyo maji mpaka tope likapanda juu. Mgomaji hajavuruga kitu. Amekunja mikono tu.

Sasa itazame Gdańsk ya Agosti 1980. Wafanyakazi wa kiwanda cha meli cha Lenin waliacha kazi tarehe 14, wakidai pamoja na mengine kwamba Anna Walentynowicz, mwendesha winchi aliyefukuzwa, arudishwe kazini. Hawakuingia mitaani, na walikuwa na sababu. Mwezi Desemba 1970 wenzao wa pwani ile ile ya Baltiki walitoka nje kupinga bei za vyakula, wakapigwa risasi, na zaidi ya 40 wakafa. Mara hii walijifungia ndani ya kiwanda, wakapiga marufuku pombe, wakakaa. Ukiandika "vurugu za Gdańsk" umekosea ukweli wenyewe, acha lugha. Huo ulikuwa mgomo, na kama unataka kuwa makini zaidi, sema mgomo wa kukaa ndani ya kiwanda.

Lakini mwenzako hakosei kila mahali. Poznań, tarehe 28 Juni 1956, siku ilibadilika saa kwa saa, na maneno hayana budi kubadilika nayo. Asubuhi wafanyakazi wa kiwanda kilichojulikana zamani kwa jina la Cegielski, wakati huo kikiitwa kwa jina la Stalin, waliacha kazi: mgomo. Wakatoka kwenda katikati ya mji, watu wakajiunga nao njiani mpaka wakafikia takriban 100,000, wakidai mkate na uhuru: maandamano, yaani watu kuandamana, mmoja nyuma ya mwingine. Baadaye gereza likavunjwa, silaha zikachukuliwa, risasi zikalia kwenye ofisi ya polisi wa usalama: mapigano. Jeshi likaingia na vifaru na askari wapatao 10,000. Aya yako moja inaweza kubeba maneno haya yote matatu kwa mpangilio huo, na mwanafunzi ataiona siku nzima. Neno moja la jumla linamnyima hiyo siku.

Kuhusu Poznań, wanafunzi wako wajue pia kwamba wiki ile mji ulikuwa na maonyesho ya biashara ya kimataifa. Wafanyabiashara na waandishi wa kigeni walikuwapo hotelini, wakaona kwa macho yao. Ndiyo maana habari ilitoka nje upesi. Linganisha na Novocherkassk, kusini mwa Urusi, Juni 1962: wafanyakazi walipinga kupandishwa kwa bei ya nyama na siagi, watu 26 wakauawa, na hapakuwa na mgeni wa kusimulia. Watu saba walihukumiwa kifo baadaye, na katika mashtaka yao limo neno "ujambazi". Kwa miaka mingi hilo ndilo lililokuwa jina rasmi la kudai nyama.

Serikali zenyewe ziliyaitaje mambo haya? Hapa ndipo sarufi yetu inaposaidia sana. Majira ya joto ya 1980, magazeti ya chama nchini Poland yaliliepuka neno mgomo. Yaliandika *przerwy w pracy*, yaani kukatika kwa kazi. Kwa Kiswahili tungesema "kazi zilisimama". Sikiliza sentensi hiyo: mfanyakazi yuko wapi? Hayumo. Kazi imesimama yenyewe, kama saa iliyokwisha betri. Ukiandika "wafanyakazi waligoma", amerudi ndani ya sentensi akiwa mtendaji.

Njia ya pili ni kumwacha mfanyakazi ndani lakini kumnyang'anya nia. Lugha yetu inafanya hivyo kwa viambishi viwili tu: waligoma, wali-gom-esh-w-a. "Waligomeshwa" maana yake kuna mtu mwingine nyuma yao. Huo ndio msimamo wa serikali ya Ujerumani Mashariki mwaka 1953. Waashi wa barabara ya Stalinallee mjini Berlin walikuwa wameongezewa kiwango cha kazi kwa asilimia 10 bila nyongeza ya mshahara. Walipoacha kazi tarehe 16 Juni, na siku ya pili miji mingi ikafuata, serikali ilisema ni kazi ya wachochezi kutoka Magharibi, ikaliita jaribio la kifashisti la kupindua serikali. Vifaru vya Kisovieti viliingia, na watu wasiopungua 50 waliuawa.

Sijasema usiandike "waligomeshwa". Andika, lakini mpe mwenye neno neno lake: "serikali ilidai kuwa wafanyakazi waligomeshwa na wachochezi". Kitenzi *ilidai* kinatosha. Usiongeze "eti", maana "eti" ni dhihaka, na kitabu cha darasani hakihitaji kumdhihaki mtu ili aonekane alivyo. Na kumbuka "mchochezi" ni mtu anayechochea moto ambao tayari unawaka. Aliyelitumia alikiri, bila kukusudia, kwamba kuni zilikuwapo.

Hapo Berlin pana kisa ambacho ningekuwa wewe ningekipa ukurasa mzima. Tarehe 16 Juni wajumbe wa waashi walikwenda RIAS, redio iliyoendeshwa na Wamarekani huko Berlin Magharibi, wakaomba itangaze mwito wa mgomo mkuu. Mhariri wake, Egon Bahr, ambaye baadaye alikuwa mwanasiasa mashuhuri, hakuwaruhusu. Redio ilikubali kusoma madai yao, mara nyingi, lakini maneno "mgomo mkuu" hayakupewa nafasi, kwa kuwa Wamarekani waliogopa kuanzisha vita. Alfajiri ya tarehe 17, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Berlin Magharibi alizungumza kwenye redio hiyo hiyo akawahimiza wasikilizaji waende kukusanyika kwenye viwanja vyao. Neno mgomo halikutamkwa, na kila aliyesikia alielewa. Mwambie mwenzako afikirie uzito wa neno ambalo dola kubwa iliogopa kulipitisha kwenye kipaza sauti, kisha aamue kama bado anataka kulifuta.

Sasa "uasi" na "mapinduzi". Kwa upande wa Ujerumani Magharibi, siku ile ya 17 Juni iliitwa *Volksaufstand*, ikafanywa sikukuu ya taifa mpaka 1990. *Volk* ni wananchi, na *Aufstand* inatokana na kusimama, kuinuka. Kamusi nyingi zitakupa "uasi". Mimi nina shaka nalo. Kwetu mtu huwaasi wazazi wake, humwasi Mola wake. Uasi unakubali kimyakimya kwamba aliyeasiwa alistahili kutiiwa. Kwa wanajeshi wa Tanganyika mwezi Januari 1964 neno maasi linakaa sawasawa, kwa sababu askari ana kiapo. Mwashi wa Stalinallee alikuwa amekula kiapo gani?

Tena neno hili *Aufstand* si geni kwetu. Ndilo Wajerumani walilolitumia kwa yaliyotokea kusini mwa nchi yetu kati ya 1905 na 1907. Waliandika *Maji-Maji-Aufstand*. Sisi tumeandika Vita vya Maji Maji, na tulifanya vema, kwa sababu hatukuona kwamba wazee wetu walikuwa na deni la utii kwa gavana. Basi tuwafanyie waashi wa Berlin haki ile ile. Ninapendekeza "kuinuka kwa wananchi". Ni refu kidogo, lakini ni karibu na Kijerumani na halihukumu.

"Mapinduzi" liache kabisa. Shida yake ni kwamba kwetu ni neno moja kwa vitu viwili: wanajeshi kumwondoa rais usiku, na umma kubadilisha utaratibu wa nchi. Nchi za kikomunisti zilizitenganisha sana dhana hizi. La pili lilikuwa neno takatifu kwao, la kwanza tusi. Ukiandika "mapinduzi ya 17 Juni", msomaji mmoja ataelewa kile kilichosemwa na chama tawala na mwingine kinyume chake. Penye tuhuma ya serikali sema "jaribio la kupindua serikali", utata utaisha.

Tuje kwenye vitenzi vya serikali za nje. Watangazaji wetu siku hizi hulaani kila kitu, na neno limechakaa. Kulaani kunatokana na laana. Mzazi aliyelaani amemaliza, hana neno jingine la kuongeza. Kwa hiyo liweke akiba. Kushutumu ni kulisema kosa la mtu hadharani, bila kumfungia mlango. Kulaumu kuna ukaribu ndani yake: unamlaumu mtu uliyetarajia mema kwake. Kukemea ni kwa mkubwa kwa mdogo, au shehe na mchungaji kwa pepo. Serikali haiikemei serikali nyingine, kwa sababu katika diplomasia nchi zote zinahesabiwa kuwa sawa, hata kama si hivyo mioyoni mwao. Mahali ulipoandika "Washington iliikemea Warsaw", badilisha.

Chukua mifano yako mwenyewe. Mwaka 1953 makamanda watatu wa nchi za Magharibi mjini Berlin walimwandikia barua mwenzao wa Kisovieti. Kitenzi chake ni *walipinga*, maana waliandika rasmi, mamlaka kwa mamlaka. Mwezi Julai Rais Eisenhower alitoa ahadi ya chakula cha dola milioni 15 kwa watu wa Ujerumani Mashariki. Hapa hakuna kulaani wala kushutumu: *alijitolea*, na Moscow *ilikataa*. Chakula kiligawiwa Berlin Magharibi, watu wakavuka kukifuata, na vifurushi zaidi ya milioni 5 vikatolewa. Chama tawala cha Ujerumani Mashariki kikaviita *Bettelpakete*, vifurushi vya ombaomba. Tafsiri hiyo iingie kitabuni kama ilivyo, mwanafunzi aone kuwa hata unga na mafuta vilipewa jina la kuaibisha.

Agosti 1980 serikali za Magharibi zilikuwa na tahadhari kubwa. Msimamo wa Rais Carter wa Marekani ulikuwa kwamba ni jambo la Wapoland wenyewe kulimaliza. Andika *alisema*, au *alisisitiza*. Desemba mwaka huo, majeshi ya Kisovieti yalipokaribia mpaka, *alionya*. Ni pale sheria ya kijeshi ilipotangazwa tarehe 13 Desemba 1981 (Kipolandi chenyewe husema *stan wojenny*, hali ya vita), na wachimba makaa tisa wa mgodi wa Wujek wakauawa siku tatu baadaye, ndipo Rais Reagan, aliyemfuata Carter, alipohutubia taifa tarehe 23 na kuweka vikwazo. Hapo *alilaani*. Unaona ngazi ilivyopanda: alisema, alionya, alilaani. Kama ungekwisha kulaani mwezi Agosti, ungebaki na neno gani kwa ajili ya Wujek?

Na pale pa Wujek umeandika "wachimbaji tisa walipoteza maisha". Nakuomba sana, andika "waliuawa". Kupoteza maisha kunamfaa aliyezama baharini. Hawa walipigwa risasi na polisi wakiwa kwenye mgomo.

Marekebisho mawili madogo. Ni "kueleza wasiwasi", si "kuelezea wasiwasi". Unaelezea jambo unapolifafanua, ila wasiwasi wako unaueleza tu. Na jina la chama cha wafanyakazi cha Poland, *Solidarność*, ulilolitafsiri kuwa Mshikamano ni zuri, lakini upatanisho wako unayumba: ukurasa mmoja "Mshikamano kilisajiliwa Novemba 1980", unaofuata "Mshikamano ulipigwa marufuku Oktoba 1982". Neno chama likiwapo, kiambishi kinalifuata: Chama cha Mshikamano kilisajiliwa. Jina likisimama peke yake, mimi ningefuata ngeli yake yenyewe: Mshikamano ulisajiliwa, Mshikamano ulipigwa marufuku.